Mapigo Thelathini na Mawili

Siku kaka yangu Matano alipoleta ile saa nyumbani ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa uani nafua. Nyumba yetu iko Msambweni, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Siku nyingine zote huenda Ukunda, ambako mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi.

Matano ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Anafundisha kuogelea katika hoteli moja huko Diani, na anaishi Ukunda na mkewe Zainabu na mtoto wao mchanga. Wiki ile mgeni mmoja wa Kijerumani, mama wa miaka sitini na tatu aliyekuwa akiogopa maji maisha yake yote, alikuwa ameogelea bwawa zima kutoka ukuta hadi ukuta. Siku ya kuondoka alivua saa yake ya mazoezi akamfunga Matano mkononi.

"Mwanarusi, nieleze hii namba," kaka akasema, akinyoosha mkono. "Yasema hamsini na sita. Mbona iko chini? Ya meneja wetu ni sabini na nane."

Nilijifuta povu nikamweleza. Kile kitaa cha kijani chini ya saa humulika damu ndani ya ngozi na kuhesabu kila inapojaa na kupungua. Namba aliyoiona ni mapigo ya moyo kwa dakika moja, mtu akiwa ametulia, hana homa wala haraka. Watu wengi huwa kati ya sitini na mia. Mtu wa mazoezi moyo wake una nguvu, na pigo lake moja husukuma damu nyingi, kwa hiyo hamsini, hata arobaini na kitu, kwake si ugonjwa.

"Yaani mimi nina moyo wa akiba," akasema, akacheka.

Tuliingia ndani kumwona mama. Tangu Januari moyo wake ulikuwa umepanuka na kuchoka. Miguu imevimba, analala ameegemea mito mitatu ili apate pumzi. Kila siku nilikuwa nikimshika mkono na kuhesabu mapigo yake, kisha nayaandika katika daftari la shule nililolinunua kwa kazi hiyo. Asubuhi ile yalikuwa mia moja na kumi na mawili, hafifu, yakikimbia na kujikwaa. Daktari alikuwa ameshaniita pembeni akaniambia tusimsumbue mama tena kwa safari za hospitali. Nilijua maana yake. Nami huwaambia wengine maneno hayo hayo.

Matano aliketi ukingoni mwa kitanda akamshika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Alimwonyesha saa, akamwambia habari za yule Mjerumani. Kisha akasema, kama mtu anavyosema akikaa na mgonjwa, "Moyo wangu una nguvu, mama. Lau ningeweza, ningekumegea."

Mama alifumbua macho. Alimtazama kitambo.

"Wasema kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi nimegee."

Matano akatabasamu. "Nimekumegea. Chukua."

Redio ya jirani ilikuwa ikianza taarifa ya habari ya saa tisa alasiri. Mama akafumba macho. Koo lake likapanda na kushuka mara moja, kama mtu aliyemeza funda la maji.

Hakuna aliyekuwa amempa maji.

*

Tangu siku ile Matano akawa ananitumia picha ya simu kila asubuhi, yenye namba ya usiku uliopita. Jumapili ilikuwa hamsini na tatu. Jumatano arobaini na tisa. Alikuwa akijisifu, nami nikamjibu kwa vikatuni vya misuli.

Jumatano hiyo hiyo mama aliketi bila kuegemea mito.

Wiki ya pili namba ikawa arobaini na nne. Nilimpigia simu. Nikamwambia aikaze saa kidogo na kuisogeza juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kwa sababu saa iliyolegea huhesabu vibaya, na ngozi yenye baridi pia. Nikamuuliza kama ameanza dawa yoyote. Hakuna. Kizunguzungu? Hakuna. Kuchoka? Hakuna.

"Wajisikiaje basi?"

Alifikiri. "Sijisikii," akasema.

Nilidhani anamaanisha hajisikii vibaya.

Ijumaa alikuja zahanati kwetu. Saa huweza kukosea, kwa hiyo nilimkalisha dakika tano, nikamshika mkono, nikahesabu kwa dakika nzima nikiitazama saa ya ukutani. Arobaini na moja. Harrison, tabibu wetu, mtu wa bara mwenye subira, alimlaza akambandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka. Mapigo machache, lakini yamepangika vizuri, hakuna kilichokatika. Damu ikapimwa, tezi ya shingo ikapimwa, chumvi za mwilini pia. Zote sawa.

"Huyu ni mzima," Harrison akasema. "Ni waogeleaji hawa. Akianza kuanguka, au kukosa pumzi, au kifua kikimbana, au akiwa macho ikashuka chini ya arobaini, mlete siku hiyo hiyo. Asingoje."

Niliporudi nyumbani jioni nilimkuta mama jikoni. Amesimama. Alikuwa akikuna nazi. Sikuwa nimemwona akikuna nazi tangu Januari.

Majirani walikuja na sinia la mahamri kumshukuru Mungu pamoja nasi. Nilipomshika mkono usiku ule nilihesabu mapigo sitini na manane. Safi. Yenye nguvu. Yaligonga vidole vyangu kama mkono wa kijana.

Niliandika katika daftari. Nilifurahi. Nataka ijulikane kwamba nilifurahi.

*

Zainabu alinipigia simu Jumatatu iliyofuata. Alikuwa akinong'ona.

"Wifi, ndugu yako ana nini?"

"Amefanya nini?"

Akanieleza. Mtoto alianguka kutoka kitandani hadi sakafuni, akalia kwa nguvu. Matano alikuwa karibu zaidi. Alimtazama mtoto, kisha akamruka, akaenda kuchukua taulo lake. Zainabu alipomuuliza, alisema alisikia kilio lakini hakuona cha kufanya.

"Hana hasira," Zainabu akasema. "Afadhali angekuwa na hasira. Jana baada ya swala ya Ijumaa..." Akajisahihisha. "Ijumaa, baada ya swala, alilala kidogo mchana. Nilimwekea sikio kifuani. Wifi, unasikia moja. Halafu unangoja. Unangoja mpaka unataka kumwamsha."

Nilimuuliza Matano mwenyewe. Alinijibu pole pole, kwa adabu. Akanisimulia kwamba Alhamisi mtoto wa wageni alizama upande wenye kina kirefu, akamtoa, akamgandamiza kifua mpaka akatapika maji na kulia. Wazazi walimkumbatia wakimlilia begani. Yeye alikuwa akitazama kigae kimoja cha bwawa kilichopasuka.

Alinisimulia hayo kwa sauti ya mtu anayetaja alichokula mchana.

Siku hiyo ndipo nilipoliweka daftari langu karibu na zile picha za simu. Safu mbili. Upande huu mama, upande huu kaka. Kila siku namba ya kaka iliposhuka, mapigo ya mama yalitulia. Ile saa huchora pia mstari wa siku nzima, saa baada ya saa. Nilimwomba kaka anitumie. Mstari ulikuwa umenyooka asubuhi, umenyooka adhuhuri. Saa tisa alasiri ukashuka kama ngazi. Jana yake pia saa tisa. Juzi yake pia.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Saa nane na nusu nilikaa na mama ukumbini juu ya mkeka, nikamwambia nataka kumpima. Akanipa mkono. Nilihesabu. Sabini na mawili. Redio ya jirani ikaanza habari.

Mama akafumba macho. Akameza.

Chini ya vidole vyangu pigo moja likaja lisilokuwa lake. Kubwa zaidi. Kama mtu amegonga mlango kutoka ndani.

Alipofumbua macho alikuta ninamtazama. Akajitanda leso kichwani, akaenda kufagia uani.

*

Nilijaribu kwanza umbali. Nilimwambia Matano achukue likizo, nikampeleka kwa rafiki yangu Wasini, kisiwani, maji yawe katikati yetu. Siku ya pili saa tisa na dakika kumi yule rafiki alinipigia. Kaka alikuwa ameanguka barazani. Hakuvunjika. Saa ilionyesha thelathini na mbili.

Tulimrudisha Ukunda, Harrison akamlaza tena, akabandika nyaya. Safari hii aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaweka rula juu yake.

"Njoo uone," akaniambia. "Hili ni pigo. Hapa palitakiwa pigo jingine. Na hapa. Hayapo. Kisha linakuja hili." Alisogeza rula. "Pigo moja, nafasi mbili. Pigo moja, nafasi mbili. Imepangwa mno."

"Hutokea?"

"Hutokea. Umeme wa moyo hukwama." Hakuniangalia. "Lakini huacha alama ya kukwama. Hapa hakuna alama. Ni kama yamechukuliwa."

Aliandika barua ya kumpeleka Mombasa awekewe betri ya moyo. Walitupa nafasi baada ya siku tisa. Harrison alipiga simu mara tatu kuomba isogezwe, wakampunguzia hadi siku saba.

Matano aliletwa kwetu Msambweni apumzike, kwa sababu mimi ni muuguzi. Zainabu alikuja na mtoto. Ningewaambia nini ili asiletwe karibu na mama? Mama alitandika kitanda kwa mikono yake, akampikia mwanawe uji, akaketi kando yake. Nikajifanya nawapima wote wawili. Vidole vya mkono huu kwa mama, vidole vya mkono huu kwa kaka.

La mama. La mama. La kaka.

La mama. La mama. La kaka.

Hapakuwa na mawili yaliyogongana. Hapakuwa na pengo. Ulikuwa moyo mmoja unaopita mikononi mwangu, ukigawiwa.

*

Mzee Tembo anaishi Matuga. Ni Mduruma, bwana shamba mstaafu, na ukimwona na shati lake lililopigwa pasi huwezi kujua kazi yake ya pili. Watu humwita kwa ajili ya kuzuza. Mtu akichukuliwa kivuli chake na mashetani, yeye hukitafuta kwa kunusa, mabondeni na kwenye madimbwi, akakirudisha kwa mwenyewe. Mimi nilisoma chuo, nilikuwa nikiwakataza wagonjwa kwenda kwa watu kama yeye. Nilikwenda siku ya tatu kati ya zile saba, na Matano kiti cha nyuma cha teksi, amefungua macho, hatazami kitu.

Mzee Tembo alikuwa akinywa chai. Matano alipoingia, aliweka kikombe chini. Alisimama, akavuta pumzi kwa pua mara mbili. Kisha akanitoa nje.

"Simzuzi huyu," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Kivuli kingekuwa kimeibwa, ningekitafuta. Huyu hakuibiwa. Alitoa kwa mdomo wake, na mwenzake akasema nipe." Alisema kwa sauti ya chini, akiwa ameangalia migomba yake. "Aliyepokea yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ni nani?"

Nilimwambia.

"Basi nenda kamwombe," akasema mwishowe. "Hakuna mwingine. Na usikawie. Atakapobakiza kipande kimoja hataweza hata kuvitaka vingine virudi."

Hakupokea chochote. Aliporudi ndani alipita mbali na kiti cha kaka, akijibana ukutani.

*

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akimenya muhogo. Kisu kilikwenda haraka. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imejaa. Nilikaa chini mbele yake.

"Mama."

"Naam."

"Mrudishie Matano moyo wake."

Kisu hakikusimama. Alimaliza muhogo ule, akauweka majini, akachukua mwingine.

"Mimi ndiye niliyempa wa kwanza," akasema.

"Najua, mama."

"Miezi tisa nilipiga kwa ajili yetu sote wawili. Hakuna aliyenihesabia."

"Ana mtoto, mama. Mtoto analia yeye hasikii."

Kuku alipita katikati yetu. Kwa mara ya kwanza tangu apone, aliweka kisu chini.

"Naogopa, Mwanarusi," akanong'ona. "Nyinyi mlikuwa mkisema nimelala. Nilikuwa nimeshafika. Hakuna kitu kule. Hakuna hata giza. Ni baridi tu, nawe wajua ni baridi, na hakuna wa kumwambia."

Nilipaswa kumkumbatia. Nimefikiri mara nyingi kuhusu mkono wangu, jinsi ulivyobaki umelala pajani.

"Nakuomba, mama," nikasema.

Hayo ndiyo maneno. Niliyasema kwa sauti ya kazini, ile ninayowaambia watu wavute pumzi na wasitikisike. Nilimwomba mama yangu afe, nikasubiri jibu.

Alimenya muhogo wote. Akaosha kisu.

"Kesho," akasema.

Kesho yake alioga adhuhuri, akavaa leso mpya, akaswali. Alimbeba mjukuu wake kwa muda, akamrudisha kwa Zainabu. Saa tisa kasorobo aliingia chumbani alikolala Matano, akaketi, akamshika mkono wa kushoto. Mimi nikawashika wote wawili.

Habari zikaanza kwa jirani.

La mama. La mama. La kaka.

Alimtazama mwanawe usoni. Matano alikuwa akitazama dari.

La mama. La kaka.

"Chukua," mama akasema. Akasema tena, kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba. "Chukua, baba."

La kaka. La mama.

La kaka.

La kaka.

Nilingoja upande wa mama. Nilihesabu dakika nzima nikiitazama saa, kama nilivyofundishwa, kisha nikahesabu nyingine. Upande wa kaka nilihesabu hamsini na nane. Nilifungua daftari nikaandika namba zote mbili. Ya mama niliiandika sifuri. Kalamu ilikuwa haitoi wino vizuri, nikaikaza.

Tulimzika siku ya pili asubuhi. Watu walisema Mungu alimpa wiki chache za kuagana nasi, nikawajibu, ni kweli. Matano alisimama wima kando ya kaburi. Hakulia, wala mimi sikulia. Siku ya nne baada ya mazishi mtoto aliamka akililia titi, na Matano akakimbia kutoka uani, akamnyanyua, akakaa naye sakafuni. Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka adhuhuri. Zainabu alinitazama juu ya kichwa chake, nami nikaenda kuwasha jiko.

*

Safari ya Mombasa haikuwa na haja tena. Namba zake zilikuwa hamsini na sita, hamsini na saba. Alirudi bwawani. Hata hivyo Harrison ni mtu wa kufuatilia, na baada ya miezi mitatu zahanati yetu ilipopata mashine ya altrasaundi, alitaka kumpiga picha ya moyo, kwa uhakika tu. Kipimo hicho hatukuwahi kukifanya.

Ilikuwa asubuhi. Matano alilala ubavu, akieleza jinsi mtoto alivyoanza kutambaa. Harrison alimpaka jeli, akaweka kifaa kifuani, nasi wawili tukatazama kioo. Moyo ulikuwa ukipiga vizuri. Vyumba vyote vinne, milango yote inafunga.

Harrison akasimamisha mkono.

"Ulishawahi kuumia kifua?" akamuuliza. "Ajali? Upasuaji wowote?"

"La. Sijawahi kulazwa maisha yangu."

Harrison alifuta kifaa, akaongeza jeli, akarudia. Akarudia mara ya tatu kutoka chini ya mbavu. Akakigeuza kioo kidogo ili nione mimi peke yangu.

Kwenye ukuta wa nje wa moyo palikuwa na mabonde manne, yamepangana sambamba, moja fupi kuliko mengine. Harrison akazungusha kifaa hadi upande wa pili. Kulikuwa na bonde la tano, pana, peke yake, mahali ambapo kidole gumba kingekaa.

Moyo ulipojaa, yalipungua. Ulipojikunja, yalizama.

"Ni mashine," Harrison akasema polepole. "Ni mpya. Tutaomba waje kuirekebisha."

Akaizima. Hakuchapisha ile picha, wala hakuiandika katika faili.